Siku Niliyolimwagia Maji Sweta la Dada

Dada yangu alitimiza miaka ishirini na saba akiwa baharini, kwenye meli kubwa ya watalii ambako anahudumia wageni mezani. Sisi tulikuwa nyumbani Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, mbali kabisa na maji yoyote ya chumvi, lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba sherehe itafanyika pande zote mbili. Mimi ni mtu wa kuamua mambo ya namna hiyo. Nasuka nywele mjini, Kaloleni, na mikono ikisuka kichwa kinasafiri. Kuna wateja wamenisikia nikiielezea ile meli mpaka wakadhani nimewahi kuipanda.

Jumamosi ile niliwahi kufunga, nikanunua keki ndogo, nikaenda nayo nyumbani. Mama alikuwa amepika loshoro, yale mahindi na ndizi vya kupondwa na mtindi, maana ndicho chakula anachokililia dada kila akipiga simu. Alipakua sahani tatu. Tulikuwa wawili. Ya tatu aliiweka mbele ya kiti kitupu, na mimi, nilipoona kiti kimekaa kinyonge, nikaleta sweta la kijani la dada, la vifungo, alilokuwa akilivaa miezi ya baridi. Nikalivalisha kiti, nikafunga vifungo vyote, mikono yake nikaipandisha mezani, mmoja kila upande wa sahani. Mama alilitazama akasema limekaa kama mtu. Nilidhani ananisifu.

Saa kumi na moja jioni dada akapiga video. Huko kwao ilikuwa bado mchana, wageni wameshakula na kuondoka, na msimamizi alikuwa amewaachia meza moja ya pembeni kwa nusu saa. Alisimamisha simu mezani tukaona kila kitu: kitambaa cheupe kisicho na hata doa, leso zilizokunjwa kama ndege waliolala, visu vitatu kwa mtu mmoja. Nikamuuliza cha tatu ni cha nini. Akasema cha siagi, na nikija huko nisimwaibishe.

Nyuma yake kulikuwa na dirisha kubwa, na ndani ya dirisha hakukuwa na nchi kavu. Mstari wa maji ulipanda taratibu mpaka karibu na bega lake, ukashuka, ukapanda tena. Yeye hata hakuutazama. Mama aliutazama. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama lile dirisha linafungwa vizuri.

Wenzake wakamzunguka, wakamwimbia. Mtandao ulikuwa unakwamakwama, wimbo ukatufikia vipande vipande, na sauti ilipokwisha midomo yao iliendelea kuimba. Dada akakata keki waliyomletea, akamlisha kila mmoja kipande mdomoni kama tunavyofanya kwetu. Mmoja hakujua, akakipokea kwa mkono, wakamcheka. Kipande cha mwisho alikileta kwenye simu mpaka kioo kikawa giza. Mimi na mama tukafungua midomo.

Sasa, kwetu mtu hajatimiza miaka mpaka amwagiwe maji. Unamvizia, unamwaga ndoo nzima, anapiga kelele, watu wanafurahi. Nikamuuliza dada huko nani atammwagia. Akasema thubutu, kuna zulia, hata ukimwaga supu unaandika maelezo.

"Basi nakumwagia huku huku," nikamwambia.

"Jaribu, nitakushtaki kwa nahodha."

Nikatoka nje kwenye pipa, nikajaza ndoo. Ulikuwa mwezi wa sita, maji yale yanatoka mlimani na yanauma mpaka kwenye mifupa. Nikarudi kwa kunyata, nikasimama nyuma ya kiti kama unavyosimama nyuma ya mtu, nikamwaga ndoo yote kwenye shingo ya sweta.

Dada alishtuka. Mabega yalipanda, akashika shingo kwa nyuma, akasema, "Mbona baridi hivyo?"

Nilicheka. Nilidhani anaigiza, maana anaweza. Halafu picha ikaganda, mdomo wake wazi, macho yakitazama kitu fulani juu ya simu, na nyuma yake ule mstari wa maji umesimama sawasawa na shingo. Ikakaa hivyo kwa muda. Kisha ikakatika.

Tulisubiri apige tena. Nikapiga mimi, hapatikani. Nikamtumia ujumbe, ukabaki na tiki moja. Jumapili tiki moja. Jumatatu sikwenda Kaloleni, nikawaambia wateja naumwa. Nilimpigia yule wakala wa mjini aliyemtafutia kazi, akasema meli iko salama, inavuka bahari, tusiwe na wasiwasi.

Mama aliniuliza, "Amesema meli iko salama, au amesema dada yako yuko salama?"

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Mara moja tu, akichambua mboga, alisema bila kuniangalia kwamba mtu yuko juu ya maji, halafu wewe unammwagia maji. Nikajitetea kwamba lilikuwa sweta tu. Akaendelea kuchambua.

Jioni ile ile ya Jumamosi nilikuwa nimelivua lile sweta kwenye kiti nilikamue. Mama akanishika mikono. "Usilikamue," alisema. Nilitaka kuuliza kwa nini, lakini nilivyolishika kifuani, limevimba maji, zito kuliko nguo yoyote niliyowahi kufua, nikajikuta namkabidhi taratibu, nimelibeba kwa mikono miwili. Akalitundika ndani, kwenye kamba ya pazia, na chini yake akaweka beseni.

Likaanza kudondosha. Mawingu ya Meru yalikuwa yameshuka mpaka kwenye migomba, siku zote zile hatukuona jua. Kila asubuhi nilimwaga maji ya beseni, na kila asubuhi yalikuwepo mengine. Najua nyuzi nzito hushika maji. Nilijiambia hivyo nikiwa nimebeba beseni, na bado nilikuwa namwaga pole pole, pembeni ya ua, nikiomba msamaha.

Alhamisi mchana simu yangu iliita, namba ndefu nisiyoijua, video. Alikuwa dada, amevaa sare, amesimama kwenye ule ukumbi wa kulia.

Alikuwa anacheka. Akasema ameazima simu ya mwenzake, yake imekufa, imeingia maji. Siku ile ya keki kulikuwa na glasi ya maji mezani, mbali na mkono wake, mbali na mkono wa kila mtu, na hajui hata nani aliigusa. Ilianguka tu, maji yote yakaingia kwenye simu. Akasema baridi ile nayo ilikuwa kiyoyozi, bila shaka. Nyuma yangu tone likaanguka kwenye beseni.

Mimi ambaye siishiwi maneno nilimpa mama simu.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Alimwambia asogee nyuma amwone miguu. Dada akasogea, akainua kiatu kimoja kwa utani. Kisha mama akamuuliza kama hapo alipo kuna chakula.

"Mama, niko kazini. Wageni wanaingia sasa hivi."

"Chochote."

Dada akachukua mkate mdogo wa mviringo kwenye kikapu cha mezani.

"Kula nikuone."

Bibi yetu alikuwa akituambia tukiwa wadogo kwamba aliyekufa anaweza kuja kuongea na wewe, hata kucheka anacheka, lakini hamezi. Dada naye aliyasikia hayo, mimi na yeye tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Nikaona kicheko kikimtoka usoni. Akamega mkate, akautia mdomoni, akatafuna akitutazama, na mama akaisogeza simu mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

Koo la dada likapanda, likashuka.

"Marahaba," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Lakini simu hakuishusha. "Sasa malizia wote."