Nilivyoilisha Injini Majani ya Rubisi

Asubuhi moja ya Jumamosi haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa uani kwetu Kashozi, boneti ya pikapu ya marehemu baba iko wazi, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko, najiona mimi ndiye fundi pekee aliyebaki Bukoba nzima. Nakusimulia kwa sababu juzi ulinionyesha kwenye simu yako vijana wa nchi za mbali wanavyong'oa boksi la ea klina, lile la kuchujia hewa, kwenye gari la zamani na kufunga bomba la kujitengenezea, ili injini ivute hewa zaidi. Ukaniuliza kama naweza kukusaidia kufunga la kwako. Nikacheka mpaka nikakohoa, nawe ukanuna ukidhani nakudharau. Wala. Nilikuwa najicheka mwenyewe.

Pikapu ile ilikuwa na ea klina ya bati, ya duara, inakaa juu ya kabureta kama sufuria lililofunikwa. Kutu ilikuwa imeitoboa chini, na spea yake niliitafuta mjini mpaka wauza spea wakaanza kunikwepa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimekaa gereji miezi minane tu, na mtu wa miezi minane gereji, mwanangu, ni mtu wa hatari sana. Anajua kufungua kila kitu.

Basi nikatengeneza ya kwangu. Nilichukua kopo kubwa la mafuta ya kupikia, nikalitoboa pande mbili. Upande mmoja nikauunganisha na kabureta kwa mpira wa ndani wa baiskeli, nikaukaza kwa waya. Upande wa pili nikachomeka bomba nililolikata kwenye mguu wa kitanda cha chuma, nikalishusha hadi nyuma ya bampa la mbele, mdomo wake ukiangalia barabara. Kwa hesabu zangu hewa ya huko chini ni baridi, na injini hupenda hewa baridi. Hilo la ubaridi sikukosea. Kilichobaki ni kupata kitu cha kuzuia vumbi ndani ya lile kopo.

Nikazunguka nyuma ya nyumba ya baba yangu mdogo, Ta Kalisti. Huyu ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, na kwa kukamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, hakuwa na mpinzani kuanzia Kashozi hadi Izimbya. Unajua wazee wetu wanavyofanya: ndizi zilizoiva zinakanyagwa kwenye mtumbwi wa kukamulia pamoja na majani, kisha yale maji matamu yanachujwa kwa majani mengine, safi na makavu, kabla ya kuachwa yachachuke. Ya kuchujia Ta Kalisti alikuwa ameyaanika juu ya mkeka. Aliyachuma mwenyewe bondeni, akichagua, siku mbili nzima. Nikayashika, nikayaona laini tena mengi. Nikasema moyoni, haya si majani tu? Nikachukua karibu nusu, nikayashindilia ndani ya kopo.

Nilipowasha, pikapu ilinguruma. Nakuambia ilinguruma! Kuku walikimbilia migombani na jirani akachungulia juu ya ua. Ta Kalisti akatoka kuangalia kuna nini. Akainama, akalifuata lile bomba kwa macho mpaka mwisho wake.

"Mbona huyu anavuta pumzi akiwa ameinama?" akauliza.

"Chini kuna hewa baridi, Tata."

"Na maji je? Umeipitisha kwenye maji ukaona?"

"Haina haja, Tata. Hii ni ya kitaalamu."

Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye kazi zake. Sikumwambia kilichomo ndani ya kopo, naye hakuuliza.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinanikimbiza. Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunakwenda Muleba kupeleka posa kwa kina Leokadia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anacheka kwa urahisi, na mimi nilimpenda kiasi cha kusahau kula. Lakini baba yake, Ta Fransisi, katekista mstaafu, alikuwa ameshawarudisha wachumba wawili. Mmoja alikuwa mvuvi wa Bumbire mwenye boti yake mwenyewe. Alichelewa, akasingizia ziwa, akarudishwa alikotoka. Kama mwenye boti amerudishwa, mimi mwenye pikapu ya urithi nilikuwa nani? Sisi tuliambiwa tuwe tumefika kabla ya saa sita. Msemaji wetu alikuwa Ta Kalisti, na rubisi ya posa aliikamua yeye.

Siku ikafika. Mbele nilikaa na Ta Kalisti, amekumbatia kibuyu cha rubisi. Nyuma walikaa shangazi yangu Ma Yustina na wazee wanne waliovaa kanzu nyeupe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mpaka Kemondo tulikwenda vizuri, wazee wanaimba, mimi napiga honi bila sababu. Mbele kidogo, bondeni, maji yalikuwa yamekatiza barabara, hayafiki hata goti. Nikaingia kwa mbwembwe. Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

"Kuna nini?" Ma Yustina akauliza kutoka nyuma.

"Petroli, Shangazi. Petroli imechafuka."

Uongo ule ulinitoka haraka hata mimi mwenyewe nikashangaa. Wazee wakashuka, wakakunja kanzu, wakasukuma mpaka pakavu. Nikafungua boneti na kusimama pale nikiwakinga wasione. Kopo lilikuwa limejaa maji, majani yamelowa yakawa bonge moja, hewa haipiti, na mengine yamevutwa hadi ndani ya kabureta. Nikawa nayachomoa kwa vidole na kuyaficha mfukoni mwa suruali yangu mpya. Nikafungua plagi, nikazikausha. Nilipogeuka, Ta Kalisti alikuwa amesimama nyuma yangu. Akanyoosha mkono, akavuta jani moja lililoning'inia mfukoni mwangu, akalinusa.

"Haya nayajua," akasema polepole. "Nilidhani ni mbuzi."

Akanieleza bila kupandisha sauti. Siku ya kuchuja alikuta majani hayatoshi, na muda wa kushuka tena bondeni haukuwepo. Akachuja kwa yaliyobaki, na kwa mara ya kwanza maishani mwake rubisi yake ikabaki na makapi. Mwanzo alisingizia mbuzi, kisha akaanza kujilaumu, akidhani ni uzee unamwingia, kwamba labda alichuma machache akasahau. Mwanangu, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamuuliza kama atawaambia wenzake.

"Mdomo ni wako," akajibu, akapanda garini.

Injini ikawaka bila majani, bila kichujio chochote. Tukafika Muleba dakika chache kabla ya saa sita.

Tulipokelewa vizuri, tukaketi kwenye nyasi zilizotandikwa ndani, tukapewa kahawa ya kutafuna. Lazima uelewe desturi: mchumba hasemi. Anaketi ameinamisha kichwa kama hayupo, na msemaji wake ndiye mwenye kauli. Akijibu bila kuulizwa amewadharau wakwe, na posa inaweza kufia pale pale. Kibuyu kikafunguliwa. Ta Kalisti akaonja kwanza, kisha akampa Ta Fransisi mrija. Mzee akavuta. Akavuta tena, mashavu yakaingia ndani, hakuna kinachopanda. Akautoa mrija, akaupuliza, kipande cha jani kikaruka kikatua kwenye kanzu yake.

Akakiokota, akakigeuzageuza.

"Nani ameikamua hii?" akauliza.

Ta Kalisti akasimama, akajibu kwa heshima. "Ni mimi, waitu. Macho yamezeeka. Mtusamehe."

Nilimwona mzee wangu, mtu ambaye watu walitembea kutwa nzima kumfuata awakamulie rubisi ya harusi, akijitwisha kosa langu mbele ya watu wasiomjua ili mimi nipate mke. Nikisema, navunja desturi na huenda nikamkosa Leokadia. Nikinyamaza, Ta Kalisti ataondoka Muleba akiwa mzee asiyejua tena kuchuja. Niliogopa, sitakudanganya. Nilihesabu nyasi zilizokuwa mbele yangu, nikapiga magoti.

"Waitu, si macho yake. Majani ya kuchujia niliyaiba mimi, nikayatia kwenye gari. Na petroli haikuchafuka. Shangazi, nisamehe, nimewasukumisha kwa uongo."

Ma Yustina akashika kichwa kwa mikono miwili. Ta Fransisi akaniangalia kwa muda uliokuwa mrefu kuliko ibada ya Pasaka.

"Kwenye gari?" akasema. "Majani yanafanya nini kwenye gari?"

"Yanachuja hewa, waitu. Nilidhani."

"Hebu twende nikaone."

Watu wote wakatoka nje. Mzee akainamia injini, akaona kopo la mafuta, akaona mpira wa baiskeli, akaona mguu wa kitanda. Akauliza mdomo wa kuvutia hewa uko wapi. Nikamwonyesha chini, nyuma ya bampa. Akauliza tulipita maji kina gani. Nikamwonyesha kwa mkono. Basi yule mzee aliyeogopwa kijiji kizima akashikilia boneti akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanzu. Nikasikia kicheko kingine dirishani, nikakitambua, na moyo ukarudi mahali pake.

"Faini," akasema alipopata pumzi. "Utaleta kibuyu kingine. Majani utachuma wewe, ndizi utakanyaga wewe, utachuja wewe, Ta Kalisti akikusimamia. Na binti yangu hapandi kitu hiki mpaka kipumue kama magari mengine." Kisha akamgeukia Ta Kalisti, akamshika mikono yote miwili. "Nilikuwa nashangaa, waitu. Sifa zako zilishafika huku siku nyingi."

Nililipa faini ile kwa jasho. Ta Kalisti aliketi kwenye kigoda akinisahihisha kila hatua, na sijawahi kumwona mtu akifurahia kazi ya mwenzake kiasi kile. Leokadia nimeishi naye miaka zaidi ya arobaini sasa. Wageni wakija huwaambia kwamba alichumbiwa na mtu mwenye nyasi mfukoni, na mimi humwachia amalizie, maana anaisimulia vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo ea klina ya kwako tutaifunga, mwanangu. Mdomo utakaa juu, usawa wa taa au zaidi, mbali na joto la eksozi, bomba la moshi. Kichujio kitakuwa cha kweli, cha dukani, maana vumbi letu jekundu halina mzaha na pistoni. Chini ya boksi tutaacha tundu dogo ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Mabomba tutayakaza kwa klipu, si kwa waya. Na kabla hujaenda nayo kokote, tutaimwagia maji hapa hapa uani, tucheke tukiwa nyumbani.

Hayo ni ya gari. Ya kwako mwenyewe ni haya. Kabla hujachukua kitu cha mtu ukasema ni majani tu, muulize mwenyewe kina kazi gani kwake. Ukishauriwa na mtu asiyejua magari usimpuuze. Huenda magari hayajui lakini maji anayajua. Na siku kosa lako likimwangukia mwingine, hasa mtu anayekupenda kiasi cha kukubali kulibeba, usimwachie alibebe. Sema ni langu, hata kama wakwe wanakutazama. Ta Kalisti alifariki mzee sana, na msibani watu waliisimulia rubisi yake siku tatu mfululizo, wengine wakitokea Muleba. Hakuna aliyesema kwamba siku moja ilimshinda. Nilikaa pembeni nikalia, nikamshukuru Mungu kwamba siku ile nilipata nguvu ya kusema.

Mungu akujalie mikono mitulivu na masikio mapana, mwanangu. Akuwekee wazee wa kukukosoa mapema na wakwe wanaojua kucheka. Popote utakapokwenda ufike salama, na ukirudi ukute wanaokupenda wazima.