Msikilizaji Bora wa Bamba

Kila Alhamisi asubuhi nilikuwa nakatazwa kutwanga kitunguu thomu ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Redio nizime, feni nizime, na jirani akipiga hodi nimjibu kwa mkono. Sababu ni mpangaji wangu Mbeyu, aliyekuwa akijifungia chumbani na simu na karatasi moja, akisema na wakulima wa Bamba na Ganze. Ofisini kwao Mbaraki malori hayanyamazi, lakini nyumba zetu za Mji wa Kale zina kuta nene za matumbawe, kelele za njiani haziingii. Babu yangu hakuzijenga kwa ajili ya mahindi ya watu, lakini ndiyo hayo.

Mbeyu ni mzaliwa wa Bamba. Nilipomjua alikuwa akiita majina ya wagonjwa katika zahanati moja ya Makadara, na hata mtu aliyeitiwa sindano aliinuka akitabasamu, maana sauti ya binti yule ni tamu. Huko ndiko Arnold, meneja wa mradi, alikomsikia akamchukua. Kazi yenyewe ni hii: ofisi huandika mawaidha ya kilimo, Mbeyu huyageuza Kigiriama na kuyarekodi, kisha mtandao wao huwapigia wakulima wote kwa pamoja na kuwasikilizisha. Hata mwenye kisimu cha tochi hapitwi. Ni jambo jema, silikatai.

Vita vya kwanza vilikuwa vya salamu. Arnold ni mtu wa bara aliyezoea kwenda mbio, na alitaka rekodi ianze na mbegu na iishe na mbolea. Mbeyu akagoma. Akamwambia kwao mtu anayeingia bila kusalimu hasikilizwi, na kweli wakulima walikuwa wakikata simu kabla ya mbegu kutajwa. Wakavutana mpaka Arnold akachoka. Basi Mbeyu akaanza kuwaamkia wazee kwa utaratibu wa kwao. Habari za kuamka, akanyamaza kidogo wapate kuitikia. Habari za watoto, akanyamaza tena. Habari za mashamba, akanyamaza. Siku hiyo alirudi na viazi karai vya kutosha nyumba nzima.

Watu wakaacha kukata. Kompyuta za ofisini huonyesha nani kapokea na kasikiliza mpaka wapi, na wa kwanza kila wiki alikuwa Mzee Kahindi, baba yake Mbeyu, aliyefiwa na mkewe na kubaki peke yake na shamba lake la mahindi. Rekodi ikiisha, yeye bado yuko kwenye laini. Ofisini wakamwita msikilizaji bora, na Mbeyu akawa anatembea kifua mbele.

Hapo ndipo nilipoanza kuudhika. Zamani binti huyu alikuwa akimpigia babake kila Jumapili akitoka kanisani, wakaongea hadi simu ikapata moto. Sasa nikimuuliza, ananiambia babake anaisikia sauti yake kila wiki, ana haja gani tena. Nikamwambia kumsikia mtu si kuongea naye. Akacheka, akasema mimi ni mtu wa kale. Mara ya mwisho alipompigia kweli, mzee alimjibu kwa mkato tu: sema wewe, mimi nasikiliza. Mbeyu akadhani ni uchovu wa shamba. Mvua zikaanza, mahindi yakaota, naye hakupiga tena.

Alhamisi moja, Mbeyu yuko ndani anarekodi, mzee mmoja akabisha hodi. Alikuwa mrefu, kavaa koti lililopigwa pasi, na mkononi kashika gunia. Akajitaja. Nikamkalisha ukumbini, nikamnong'oneza kuwa binti yake yu kazini, angoje amalize.

Ukuta ni mnene, lakini mlango ni mbao tu. Sauti ya Mbeyu ikauliza habari za kuamka. Mzee akajiweka sawa kitini, akajibu kwa adabu. Ikauliza habari za watoto, akajibu. Ikauliza habari za mashamba. Hapo akainama, akafungua gunia, akatoa bua la mahindi lililoliwa likabaki matambara, akaanza kuueleza ule mlango yaliyomfika. Sauti haikungoja. Ikasema, wazee wangu, viwavijeshi wameonekana, chunguzeni moyo wa mahindi mapema kabla hawajaenea.

Mzee akabaki ameliinua lile bua. Ndani, Mbeyu akakohoa, akaanza upya: habari za kuamka, kwa sauti ileile, kwa utamu uleule. Mzee akafungua kinywa kujibu, kisha akakifunga. Nilimwona akielewa, nikatamani ningekuwa jikoni.

Mbeyu akatoka amefura, kutaka kujua nani anamharibia rekodi. Akamwona babake.

Mzee hakupandisha sauti. "Wiki ya kwanza nalikwambia wadudu wameingia. Ukaniambia nipalilie, nikapalilia. Ya pili nikakwambia wautafuna moyo wa mahindi, ukaniambia mambo ya mbolea. Ya tatu nikakuomba uje. Ukaniaga, ukakata."

"Baba, ile ilikuwa ni rekodi."

"Yaniuliza hali yangu, mwanangu, kisha yanyamaza. Mtu akinyamaza yuwangoja jibu."

Mbeyu akakaa sakafuni palepale. Shamba zima lilikuwa kama lile bua, na mzee hakuwa na mbegu nyingine. Nilitafuta wa kumkasirikia. Nikaanza na Arnold, nikaja kwa Mbeyu, nikamaliza na mimi niliyezima redio yangu ili kazi ile ifanyike vizuri. Hasira haikupata pa kutua mpaka leo.

Mbeyu alikwenda Mbaraki siku hiyohiyo, akaomba mkulima awekewe njia ya kuacha neno lake. Arnold alisikitika, alisikitika kweli, lakini akauliza nani atakaa kuwasikiliza wote hao. Kisha akauliza kama mzee angekubali kupigwa picha, yeye akiwa ndiye msikilizaji bora. Nilipoambiwa hayo nilitukana, na sitaomba radhi. Sasa Mbeyu huanza kila rekodi kwa kusema kuwa hii ni sauti iliyohifadhiwa na haiwasikii. Wakulima wamerudi kukata.

Mzee alirudi Bamba, na sasa Mbeyu humpigia mwenyewe, kila jioni, akiwa hapa ukumbini. Humwamkia, habari za kutwa, na mzee hajibu. Hunyamaza tu, anataka kujua kama sauti itaendelea bila yeye. Mbeyu naye hathubutu kuongeza neno. Hukaa simu sikioni, akingoja, na mimi huweka mchi chini mpaka mzee aitikie.