Nyangumi wa Upande wa Baba

Vidole vya Lavina vimepinda kwa kuchana mizizi ya msonobari ya kusukia, lakini mwambie apumzike, atakuuliza nani atafundisha. Kila mwaka huwapeleka wasichana wa kijiji chao cha Skidegate msituni wakachune gome la mwerezi: ukanda mmoja mwembamba, baada ya kuushukuru mti, kisha mti uachwe uendelee kuishi.

Corinne, binti wa marehemu kaka yake, ndiye fundi kuliko wote. Jumamosi alikuwa apewe jina la ukoo karamuni, na alitaka kucheza akiwa na joho alilolishona mwenyewe. Alhamisi akalileta.

“Shangazi, usiseme kitu kwanza. Tazama tu.”

Joho jeusi, ukingo mwekundu, na mgongoni nyangumi aliyezungushiwa vifungo vya chaza.

“Nani kakwambia uvae nyangumi?”

“Nimemshonea baba.”

“Baba yako alikuwa wa upande wa Kunguru kama mimi, na nyangumi ni wetu. Wewe unafuata upande wa mama yako, Tai, na mnyama wa kuvaa kwenu ni chura. Mama yako akimwona huyu mgongoni mwako, atamwaga sufuria zima la supu.”

“Najua.”

“Unajua! Na bado umejaza vifungo mpaka mkiani?”

Corinne akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio. “Nilitaka awepo siku hiyo.”

Lavina akalivuta joho karibu. Kumfumua nyangumi kungewezekana, ila matundu ya sindano yangebaki yakionyesha umbo lake. Akapitisha kidole juu ya mshono, polepole, kama anayepapasa uso wa mtu.

“Hapa kwenye pezi uliharakisha.”

“Nilikuwa nalia.”

“Inaonekana.”

Kisha akalichukua joho, akajitupia mabegani.

“Shangazi!”

“Nini? Karamuni Tai mnatoa zawadi, sisi Kunguru tunapokea. Nimepokea mapema.”

“Na mimi nivae nini?”

“Vazi langu la mabega, la gome. Halina mnyama yeyote. Linawasha shingoni, utavumilia.”

“Lipi, Shangazi? Lile la zamani?”

“Hilohilo. Na usinitanie, nililisuka nikiwa mrembo kuliko wewe.”

Jumamosi jina likatangazwa, ngoma zikaanza. Corinne akaingia akiwa na vazi la gome, macho yakitafuta. Upande wa Kunguru Lavina akainuka, akawageuzia watu mgongo ili nyangumi aonekane vizuri. Corinne alipofika pale hakuendelea mbele. Alicheza palepale mbele ya baba yake, mpaka waimbaji wakalazimika kuurudia wimbo.