Lifti na Birika la kilo kumi na sita

Saa moja kasorobo asubuhi, nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali, mwanamume wa miaka hamsini na mbili amesimama miguu kando, amekikodolea macho kitu kilichowekwa sakafuni hatua moja mbele yake. Ni tufe la chuma lenye mshikio juu, mfano wa birika lililokatwa mdomo. Uzito wake kilo kumi na sita. Hospitali nzima inaliita Birika.

Anavuta pumzi. Bado hajaligusa, na jasho limeshamtoka.

"Nimebeba watu wenye vitambi vizito kulishinda," anasema bila kuondoa jicho. "Lakini mtu ukimbeba hukuonea huruma, hujikaza. Hili halina huruma."

Leo ni Jumatatu. Ijumaa saa nne asubuhi atatakiwa kulirusha Birika mara thelathini, kutoka katikati ya mapaja hadi usawa wa kifua, ndani ya dakika mbili. Kupumzika ruksa, ila saa haipumziki. Mrusho wa mgongo uliopinda hauhesabiwi. Akishindwa, atavua sare ya wabeba machela na kuhamishiwa stoo ya mashuka, chumba kisicho na dirisha, akakunje mpaka astaafu.

Jina lake la kazini ni Lifti. Hospitali hiyo ina ghorofa tatu na lifti moja ya umeme yenye tabia za mgeni wa harusi: huja ikipenda, na ikija haikawii kuondoka. Ikigoma, kuna vidato sitini na sita hadi juu, na wagonjwa hupandishwa kwa mikono. Kwa miaka ishirini na tatu, mikono hiyo imekuwa ya kwake.

Yasemwayo juu yake yanajaza machela mbili. Husimuliwa kwamba siku moja alimpandisha mgonjwa pamoja na kitanda, dripu, na mkwe wa mgonjwa aliyekuwa ameketi pembeni akisubiri chai, na kwamba mkwe alishtuka tu alipoona paa za nyumba dirishani. Husimuliwa pia kwamba lifti ya umeme iliwahi kumwandikia barua kumwomba asikae karibu nayo, anaifedhehesha. Mwenyewe hakanushi. Hurekebisha kidogo tu: chai ilikuwa imeshakuja.

Ila yaliyotokea wiki sita zilizopita hakuna anayeyasimulia kwa kucheka.

Ilikuwa Jumanne. Mwalimu mmoja mstaafu, bibi ambaye miguu imemgomea, hupanda ghorofa ya tatu kila Jumanne kwa matibabu. Lifti ya umeme ilikuwa imezimika. Lifti alishika mbele, mwenzake akashika nyuma, wakaanza kupanda.

Kwenye kona ya kwanza ya ngazi alihisi kitu kama kaa la moto kiunoni. Wabeba machela wana neno moja ambalo halijadiliwi: "Tua." Yeyote akilisema, wote wanatua papo hapo, na hakuna anayeuliza kwa nini. Alikuwa nalo mdomoni. Akalimeza.

"Nilijiuliza, Lifti gani inasema tua?" anakumbuka.

Kidato cha arobaini na moja, mgongo ukafunga kama kufuli. Vidole vikafunguka vyenyewe. Machela ikalala upande na mwalimu akaanza kuteleza kuelekea ukingo wa ngazi. Mwenzake wa nyuma akasukuma goti chini ya machela, akaizuia yote, mgonjwa na chuma, kwa goti hilo moja. Alichechemea wiki mbili, na tangu hapo anaitwa Goti.

Mwalimu alivunjika miwani tu. Lakini tangu siku ile, kila Jumanne, kabla hajainuliwa huuliza ni nani yuko zamu. Akiambiwa ni Lifti, hukaa chini kwenye benchi, wakati mwingine saa mbili nzima, hadi wapatikane wengine.

"Angenitukana ningepona," Lifti anasema. "Ananisalimia vizuri, ananiuliza hali ya watoto. Halafu anasubiri wengine."

Mtaalamu wa viungo aliyekabidhiwa kumnyoosha ni binti wa rika la mtoto wake wa kwanza, mwembamba, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alimpima, akakuta kilo mia na nane, nyonga zilizoganda, na mgongo unaofanya kazi ambazo si zake. Akamweleza kwa adabu zote: "Baba, nguvu unazo. Umeziweka pasipo pake."

Dawa aliyomwandikia ilikuwa Birika. Na somo la kwanza lilikaribia kuharibu kila kitu.

Lilifanyika kando ya mashine za kufulia, zikinguruma. Binti alisema, "Libembeze." Lifti akasikia, "Libembeleze."

Siku nne mfululizo akalibembeleza. Alilinyanyua kwa mikono, polepole, kama mtoto aliyelala begani mwa mama mgeni, akilishusha kwa uangalifu lisije likaamka. Alipoazimwa kwenda nalo nyumbani, mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kama mkasi wake, alisimama mlangoni akamtazama akivimba mishipa na kuimba kwa pua.

"Baba Pacha," akamwambia, "pacha wetu wenyewe hukuwahi kuwabembeleza hivyo."

Mabega yaliwaka moto. Kiuno kikarudi kuuma. Binti alipomkuta, ilimbidi ageukie ukutani kwanza ndipo aweze kuzungumza. Mikono, akamweleza, ni kamba tu, hainyanyui chochote. Birika linavutwa nyuma katikati ya mapaja, makalio yanarudi nyuma, kisha nyonga zinasukumwa mbele kwa nguvu, na chuma kinaelea chenyewe. Kikishuka, kisikimbiliwe. Kisubiriwe.

Kuelewa alielewa. Mwili ndio uliokataa. Kila alipoambiwa arudishe makalio nyuma, alichuchumaa chini kama mtu aliyeangusha ufunguo. Binti alimwekea mpini wa fagio mgongoni, uguse kisogo, mabega na mwisho wa uti, usiachane na hata sehemu moja. Fagio likawa linaanguka kila mara. Wiki mbili za fagio kuanguka, na Ijumaa inakuja.

Jumatatu hii anarusha mara kumi na nne. Binti anahesabu mbili.

Jumanne anarusha ishirini. Binti anahesabu tano, anafunga daftari. Jioni hiyo Lifti anapita stoo ya mashuka, anachungulia, anaona meza ndefu na kiti kimoja. Anarudi nyumbani. Mkewe, ambaye humjua kwa hatua za viatu, anampimia chakula nusu sahani, na siku hiyo hamtanii.

Jumatano ndiyo iliyogeuza mambo, na iligeuzwa na mlango.

Yeye na Goti walikuwa wakirudisha machela tupu kwenye chumba cha mazoezi. Lifti alikuwa mbele, akitembea kinyumenyume, mikono imejaa. Alipofika mlangoni akafanya kama afanyavyo siku zote: akausukuma kwa makalio, akaingia.

"Baba, simama hapo," binti akasema. "Toka nje. Ingia tena."

Lifti alidhani amekwaruza rangi. Akatoka, akaingia. Akaambiwa arudie. Mara ya saba Goti akauliza kama wanatafuta kitu wasaidiwe kutafuta.

Binti akachukua fagio, akaliweka kwenye mgongo wa Lifti akiwa bado ameegemea mlango. Halikuanguka. Magoti yamelegea kidogo, miundi ya miguu imesimama wima, mgongo umenyooka kama rula, makalio nyuma kabisa. Kile mwili wake ulichokataa kwa wiki mbili, ulikuwa ukikifanya tangu siku aliyoajiriwa.

Akamuuliza milango hiyo huifungua mara ngapi kwa siku. Labda arobaini, Lifti akajibu.

"Basi acha kubeba Birika," akamwambia. "Fungua mlango."

Ijumaa, saa nne kasoro dakika tano, chumba cha mazoezi hakina pa kuweka mguu. Wamekuja wafuaji, wapishi, walinzi wa getini, hata fundi wa lifti ya umeme, ambaye kwa mujibu wa Goti hii ni mara ya kwanza mwaka huu kuonekana kazini akiwa amesimama. Mkuu wa wahudumu ameshika saa. Binti atahesabu kwa sauti, na kwenye mrusho mbovu atanyamaza.

Lifti anapaka mikono unga wa chaki. Anaweka miguu. Anashika mshikio.

Mlango, anajiambia.

Moja. Mbili. Tatu. Birika linapaa hadi kifuani, linaning'inia kitambo, linashuka. Anasubiri. Makalio nyuma. Nne. Tano. Watu wanaanza kuhesabu pamoja na binti. Kumi. Kumi na tatu. Mtu anaanza kupiga makofi na kuita jina lake, wengine wanadakia, Lifti, Lifti, na jina lenyewe linaanza kumnyanyua mabega. Kumi na saba.

Kaa la moto kiunoni. Dogo, lakini ni lile lile.

Chumba kinapiga makofi. Mikono yake inataka kuendelea. Jina lake linataka kuendelea. Akilini anauona mkono wa mwalimu siku ile, ukitafuta pa kushika ngazini.

"Tua," anasema kwa sauti, na anaweka Birika chini.

Makofi yanakatika. Sekunde thelathini na sita zimetumika. Lifti anapumua, mikono kiunoni, bila kumtazama mtu. Sekunde hamsini. Sitini na tano. Goti anauma ukucha. Sekunde sabini na tano ndipo anapoinama tena, kwa makalio, si kwa mgongo.

Kumi na nane. Ishirini. Ishirini na nne. Ishirini na tano. Kisha kimya. Amerusha, binti hakuhesabu. Anarusha tena. Kimya. Mikono imeanza kubembeleza.

Anatua tena. Sekunde mia moja na mbili. Mkewe, aliyeingia saa ngapi hakuna ajuaye, anasema kwa sauti ya chini kutoka nyuma, "Mlango, Baba Pacha."

Zimebaki sekunde kumi na tatu anaposhika mshikio. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Nane. Tisa. Mrusho wa mwisho unafika kifuani wakati mkuu wa wahudumu ameshainua mkono ulioshika saa.

"Thelathini," binti anasema.

Jumanne iliyofuata, lifti ya umeme iligoma kama kawaida yake. Mwalimu alikuwa chini, miwani mpya puani. Akauliza nani yuko zamu. Goti akamwambia. Bibi akaanza kutafuta benchi kwa macho.

Lifti alisogea akachutama mbele yake. "Shikamoo, mwalimu. Leo nitasema tua. Huenda nikalisema mara mbili, huenda tano. Ukiona tutakuchelewesha, nikutafutie wengine."

"Marahaba," mwalimu akajibu. Akamtazama muda mrefu juu ya miwani. "Nyanyueni."

Kidato cha ishirini na mbili, Lifti akasema tua. Wakatua, wakapumua. Cha arobaini na moja akasema tena, ingawa, anakiri, mgongo haukumuuma hapo hata kidogo. Cha sitini na sita wakafika.

Sasa ameketi kwenye benchi ya ghorofa ya tatu akingoja matibabu yaishe, na anaeleza mipango yake. Mwaka usiishe kabla hajalimudu Birika la kilo ishirini. Mwili uje chini ya kilo mia, ingawa mkewe anasema atakosa pa kupunguzia nguo. Na amemwomba mkuu wa wahudumu kwamba kila mbeba machela mpya, kabla hajamgusa mgonjwa, afundishwe kwanza kufungua mlango na kusema tua. Ombi limepokelewa. Jibu halijaja, labda linapanda kwa lifti ya umeme.

Mlango unafunguka na mwalimu anasukumwa nje. Anasema amempa alama za kupanda: sabini kwa mia.

"Na hizo thelathini, mwalimu?" Lifti anauliza, akishika machela.

"Utazikuta chini."