Nyota Juu ya Kitanda cha Kaka

Kaka yangu mkubwa alikuwa karani bandarini hadi alipoanza kusikia watu wakimsengenya nyuma ya ukuta. Vidonge vya hospitali vilimlaza tu. Mama akamwita mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaani kwetu, Kibokoni, aje amsomee.

Mwalimu alichora nyota ya pembe sita kwa zafarani kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya kitanda. Alitueleza kwa upole kwamba pembetatu inayotazama juu ni moto na inayotazama chini ni maji. Zikifungamana, kilichomvaa hakitapata nguvu tena. Mama aliamini. Mimi sikujua niamini nini, ila sikuwa na dawa nyingine.

Aliyemtuliza kaka hasa ni mwenzake wa kazini, Mkristo kutoka bara. Kila Jumapili akitoka kanisani alipita kwetu, wakacheza dama barazani kwa vizibo vya soda, na kaka akacheka kama zamani.

Miaka hiyo ya tisini watu walikuwa wakizungumzia sana waabudu shetani, na ilisemekana nyota ndiyo alama yao. Jumapili moja mvua ilinyesha, tukamkaribisha mgeni wa kaka chumbani. Akaiona ile karatasi.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni kinga, mwanangu. Nyota ya Nabii Suleiman."

Aliitikia kwa kichwa, akacheza kidogo, akaaga na chai hajaigusa. Hakurudi.

Siku chache baadaye nilimfuata hadi lango la bandari. Nikajikuta nimesimama juani namhesabia mtu mzima pembe: hiyo inayoogopwa ina tano, yetu ina sita.

"Dada, siwadhanii ubaya," alisema. "Lakini nina watoto. Kwangu nyota ni nyota."

"Basi tutaibandua."

"Nimeshaiona," akasema, akaingia ndani.

Nilipomweleza mama, aliibandua mwenyewe, akaikunja, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda asijue aiweke wapi. Kaka hakupata nafuu, si ilipokuwapo wala ilipoondolewa. Aliishi na sauti zake miaka mingi, mpaka akafariki.

Ninayoikumbuka zaidi ni Jumapili iliyofuata, karatasi ikiwa imeshabanduliwa. Kaka alivaa shati safi, akapanga vizibo, akangoja. Nikaketi mbele yake nicheze mimi.

"Hapo pana mwenyewe," aliniambia kwa adabu.

Nikainuka, nikasimama kando. Adhuhuri ikaadhiniwa, naye bado anatazama uchochoroni.