Masini Iliyotunyamazisha

Siku ya kwanza kwenye kiwanda cha dawa nilifika kwa miguu kutoka mtaa wa Kilibula, hapa Uvira, nimevaa kitenge changu cha kanisa. Shefu wa kontrole, mkubwa wa kukagua usafi wa dawa, akaniangalia. "Mama Sifa, humu hatuingie na urembo." Wakanivika nguo nyeupe toka kichwani mpaka vidoleni, macho tu yakabaki nje. Masomo yangu yalikuwa kidogo, lakini mikono yangu ilijua usafi. Wakaniweka kwenye kujaza seromu, yale maji ya chumvi yanayoingia kwenye mshipa wa mgonjwa wa kolera.

Wakati ule mikrobe, vile vijidudu vya ugonjwa, tuliitafuta kwa bwati, kisahani chenye chakula chake kama uji mgumu. Unakiacha wazi karibu na chupa, unakifunga, unakiweka kwenye joto, kisha unangojea siku na siku. Madoa yakiota, chupa zote zinamwagwa. Nimemwaga seromu huku hospitali inapiga simu kuomba. Hiyo inauma kuliko kuzaa.

Kisha ikaletwa masini ya kutafuta mikrobe. Inavuta hewa, inaimulika, na kilicho hai kinang'aa. Hesabu inapanda palepale kwenye kioo, na ikizidi masini inalia. Bwati tulibaki nazo, za kuhakikisha.

Asubuhi ya kwanza tukajiweka kujaza, tukiimba nyimbo za kwaya kama kawaida yetu. Masini ikalia. Chupa zilikuwa bado tupu. Tukapangusa kila kitu, tukaanza upya. Ikalia tena. Na hospitali inangojea.

"Hii masini iko na wivu," nikasema.

Mama Riziki, mwenzangu wa meza, akacheka. "Weye unaimba kama unaita mutu ng'ambo ya ziwa. Lazima iogope."

Shefu hakucheka. "Nyamazeni kidogo."

Tukanyamaza. Hesabu ikashuka, tunaiona.

"Ni mate yenu mkiimba," akasema. "Yanapita hata kwenye kitambaa cha mdomo."

"Kumbe miaka yote tulikuwa tunaimbia mikrobe," akasema Mama Riziki.

"Na minye nitafanya kazi bila wimbo namna gani, Shefu?" nikauliza.

"Utaimba kule kwenye kuosha chupa, Mama. Huku, kimya."

Siku ile tukajaza kimya kama kwenye matanga. Bwati hazikuota hata doa, seromu yote ikaenda hospitali. Toka pale, kumwaga kukawa shida ya nadra.

Leo mjukuu wangu ndiye anaisoma ile masini, na ninatembea Uvira nzima nikimsifu. Ninyi mnaoanza kazi, masini ikilia musiipige. Angalieni midomo yenu kwanza.

Siku yangu ya mwisho kazini, chupa zote zilipokwisha kutoka, Shefu alinifungulia mlango wa chumba cha kujazia. "Leo imba, Mama Sifa."

Nikaimba. Masini ikalia mpaka nikamaliza, na hakuna aliyeizima.