Nilivyolivusha Gari la Msukumo wa Nyuma Kwenye Theluji

Hakuna kitu cha barabarani kinachoweza kunishangaza mimi. Nilianza utingo wa malori sina hata viatu, shule niliiachia darasa la tatu, na leo malori manne yanayolala pale stendi ya Nyabugogo, Kigali, ni yangu. Matope ya Kibuye nayajua, mashimo ya Rusumo nayajua. Kwa hiyo Januari 1992, nilipochoka na madalali wa Kigali wanaokuuzia kutu iliyopigwa rangi, niliwaambia watu wote wa mtaani kwetu Biryogo kwamba gari langu la kutembelea nitalifuata huko huko Ulaya, kwa mkono wangu.

Brussels nilishuka asubuhi ya Jumatatu. Kule wanasema baridi, lakini ile si baridi, ile ni kupigwa. Shemeji yangu Yunusu, kaka wa mke wangu, alinipokea akiwa na koti la ziada mkononi. Yeye ni fundi wa matairi katika mji mdogo wa milimani, upande wa mashariki wa nchi ile.

Jumanne tulilipata gari. La Kijerumani, kijivu, viti vya ngozi, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Muuzaji akasema lina mtambo maalumu, akaueleza kwa kirefu. Kifaransa changu mimi ni cha bei na mizigo. Hayo mengine niliyaitikia tu kwa kichwa.

Jumatano theluji ikaanguka, na hapo ndipo safari ilipokuwa safari. Meli ya Dar es Salaam ilikuwa inapokea magari bandarini Antwerpen mpaka Alhamisi saa kumi alasiri. Ukiikosa hiyo, inayofuata ni baada ya mwezi, na viza yangu ilikuwa inaisha Jumapili. Maana yake ningerudi Biryogo mikono mitupu, mimi niliyetangaza.

Alhamisi saa mbili asubuhi tulikuwa uani kwa Yunusu, gari limefunikwa jeupe mpaka madirishani.

"Shemeji," akasema, "wenyeji wenye magari ya kusukuma nyuma, siku kama hii wanapanda treni."

"Hao hawajavuka Kibuye mwezi wa nne."

"Kibuye chini ya matope kuna ardhi. Hapa chini ya theluji kuna barafu. Na matairi haya ni ya kiangazi, yatakuwa magumu kama sahani."

"Wewe funga mlango, baridi inaingia."

Kilomita nne tulikwenda vizuri, mimi naimba. Kufika mlima wa kwanza, nakanyaga mafuta, injini inapungua. Nazidi kukanyaga, inazidi kupungua, na kwenye dashibodi kijitaa cha njano cha pembetatu kinameta. Nikajua nimeuziwa gari gonjwa. Sasa sisi kwetu, taa ikiwaka, fundi anakata waya, safari inaendelea. Nikatafuta, nikaona kitufe chenye pembetatu ile ile. Nikabonyeza. Taa ikaacha kumeta, ikatulia, na injini ikapata nguvu zake zote.

"Umebonyeza nini?" Yunusu akauliza.

"Nimelitibu."

Sikumaliza kusema. Matako ya gari yakatoka kulia, yakarudi kushoto, tukazunguka kama wali unaopinduliwa sufuriani, tukaingia mtaroni tumeelekea tulikotoka. Yunusu akajipapasa kuona kama yuko mzima, kisha akaanza kucheka mpaka machozi.

"Ule ndio mtambo wenyewe, shemeji. Gurudumu likizunguka bure, wenyewe unapunguza mafuta na kulishika breki. Gari lilikuwa linakuokoa, wewe ukalifunga mdomo."

Saa tatu na nusu akapita mkulima mzee na trekta lake, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Unatoka wapi?"

"Kigali."

"Kigali kuna theluji?"

"Hakuna."

"Naona," akasema, akashuka kufunga mnyororo.

Alipotutoa nikaona kando ya barabara sanduku la mchanga, ule wanaomwaga juu ya barafu. Hapo sasa ikawa zamu yangu. Gari la msukumo wa nyuma, nyuma yake ikiwa nyepesi, halina miguu. Hilo kila dereva aliyepita Nyabugogo analijua. Nikamwomba mzee magunia, akanipa matatu. Tukayajaza, tukayatupa kwenye buti. Nikauwasha tena mtambo, gia ya pili, mguu mwepesi kama mtu anayekanyaga mayai.

Ndugu zangu, lilipanda. Kijitaa kinameta, injini inakohoa, lakini gurudumu halizunguki bure, tunakwenda mwendo wa ng'ombe. Katikati ya mlima vijigari vinne vya msukumo wa mbele vimekwama, wenyewe wamesimama nje wanapuliza vidole. Nikapita katikati yao. Honi nilipiga mara mbili tu, kwa heshima.

"Haya, sema sasa," nikamwambia Yunusu.

"Nitasema tukishuka."

Tukashuka. Chini kulikuwa na njia panda, na watoto wa shule wanavuka wameshikana mikono. Nikakanyaga breki mapema, hatua kama hamsini kabla. Gari halikusikia. Ule mtambo unasaidia kuondoka tu, kusimama haujui. Na magunia yangu yale matatu sasa yalikuwa yananisukuma. Nikazungusha usukani, nikaliburuza gari kwenye ua wa miti midogo, likasimama limeegemea. Mwalimu wao akapitisha watoto wote bila kunitazama.

Yunusu hakucheka safari hii. "Matairi, shemeji," akasema taratibu. "Ni matairi tu."

Sikubisha. Saa tano tulikuwa kwenye garaji ya kijiji kilichofuata, Yunusu mwenyewe akafunga manne ya baridi, kuukuu lakini meno mazima. Tulipotoka pale ilikuwa kama gari jingine. Mtambo unashika nyuma, matairi yanashika chini, breki inasikia. Langoni Antwerpen tulifika saa kumi kasoro dakika ishirini. Karani akaangalia theluji juu ya gari, akaangalia matairi ya nyuma, akauliza nani aliyeliendesha. Nilijipiga kifua. Yunusu akaenda kutafuta treni.

Machi nililipokea Dar es Salaam. Baada ya Nzega mvua ilikuwa imeigeuza barabara kuwa matope, malori yamekwama safu nzima, matingo wamekaa kando wanapika uji. Matairi yale ya theluji yaliyala matope yale kama mkate. Nilipita madereva niliowafahamu kwa majina, nikawapungia mmoja mmoja.

Biryogo waliliona likipanda mchana kweupe, limepakaa udongo mpaka juu ya paa, na kwa wiki nzima sikuliosha. Nilichojifunza ni hiki: gari la nyuma lenye mtambo linakwenda kwenye theluji, na vizuri sana, ukiuacha mtambo ufanye kazi yake na ukilivalisha viatu vya nchi ile. Kuondoka ni kazi ya mashine, kusimama ni kazi ya tairi. Somo hilo, pamoja na trekta la yule mzee, lilinigharimu faranga za Ubelgiji elfu sita na mia tisa.